PV iko kwa polisi, fishi iko hospitalini: mbona hatujui kinachovunja abiria wa gari?

Katika rejista za urjansi za hospitali zetu, mtu mwenye aliumia barabarani mara nyingi anaandikwa kwa herufi tatu tu: AVP. Ni kifupisho cha Kifaransa, maana yake ajali ya barabara ya watu wote. Kando yake kuna jina, umri, kijiji ama avenyu, kisha kile muganga aliona: paja limevunjika, kichwa kimepasuka, tumbo limevimba. Mwisho wa mstari kuna siku ya kutoka, ama msalaba mdogo kama hakutoka mzima.

Kitu chenye hautakuta hapo ni hiki: mtu huyu alikuwa wapi wakati ajali ilitokea? Alikuwa anavuka njia kwa miguu? Alikuwa amepanda pikipiki? Alikuwa ndani ya taksi, na kama ni ndani, kwenye kiti gani? Alikuwa amefunga mkanda, ule wengi tunaita sentire? AVP haisemi.

Sasa toka hospitalini, uende kwa polisi wa rulaji. Pale kuna karatasi ingine, prosè-verbali, yaani PV. Yenyewe inajua mambo ya gari: plaki, jina la shofere, gari ilikuwa inatoka wapi, nani aliingia katika njia ya nani, na siku zingine kuna mchoro wa barabara. Lakini wenye waliumia, PV inawamaliza haraka: wawili vibaya, mmoja kidogo, wamepelekwa hospitali. Yule mmoja "kidogo" pengine bandama lake lilikuwa limepasuka ndani, akafa siku ya tatu. PV haitajua, juu ilifungwa siku ya kwanza.

Kwa hiyo karatasi mbili zinazungumzia mtu mmoja, na kila moja inajua nusu. Polisi inajua gari, hospitali inajua mwili. Kama hakuna mwenye anaziweka pamoja, hakuna mwenye anaweza kujibu swali la kawaida kabisa lenye mama wa Mumosho anaweza kuuliza akipanda gari ya kwenda mjini: nikae wapi?

Mwenye kuunganisha ni familia

Tusiseme kwamba karatasi hizi haziunganishwi kamwe hapa kwetu. Zinaunganishwa, lakini kwa miguu. Mtu akitafuta haki yake kwa asiransi, anaombwa PV ya polisi pamoja na sertifika ya muganga. Kwa miaka mingi SONAS ndiyo ilikuwa peke yake katika kazi hiyo nchini. Sheria ya mwaka 2015 ilifungulia kampuni zingine mlango. Lakini kampuni ikiwa moja ama kumi, dosie ni ileile, na mwenye anazunguka kuikusanya ni mjane, ama mwana mkubwa, ama mgonjwa mwenyewe na fimbo zake.

Mimi nilisindikiza shangazi yangu mmoja katika safari kama hiyo. Sitataja ofisi. Mume wake aliandikwa kwa polisi na "Ch" mwanzoni mwa jina, hospitalini akaandikwa na "C" peke yake, namna Mashi inavyoandika. Pale kwa dirisha tukaambiwa hawa ni watu wawili. Turudi kwa chefu wa kijiji, alete karatasi yenye kusema kwamba majina haya mawili ni ya marehemu mmoja. Wiki zikapita juu ya herufi moja.

Nilipoanza kusoma namna nchi zingine zinajifunza ajali, nikakuta wataalamu wana shida ileile ya shangazi: namna gani utajua kwamba mtu wa karatasi hii ndiye mtu wa karatasi ile? Tofauti ni kwamba wao walitafuta njia ya kufanya kazi hiyo kwa maelfu ya watu mara moja, bila kusumbua wajane.

Namna kazi inafanyika kwingine

Mfano wenye unajulikana sana ni wa Marekani. Mwaka 1991 Bunge lao liliomba serikali ionyeshe kama mikanda ya gari na kofia za pikipiki zinaleta faida kweli, si kwa maneno, lakini kwa hesabu za hospitali. Mwaka 1992 ofisi yao ya usalama wa barabara, NHTSA, ikaanzisha mpango wenye uliitwa CODES katika majimbo saba: Hawaii, Maine, Missouri, New York, Pennsylvania, Utah na Wisconsin. Kila jimbo lilichukua rekodi za polisi, za ambulansi na za hospitali, likazioanisha kwa kompyuta.

Ripoti ilifika Bungeni mwaka 1996. Kati ya mambo yenye ilionyesha ni bei: shofere mwenye hakufunga mkanda, akilazwa hospitali, aliandikiwa kwa wastani karibu dola 13,900, mwenye alifunga, karibu dola 9,000. Tofauti ni zaidi ya nusu ya bei. Polisi peke yake isingeweza kutoa hesabu hiyo, kwani haijui faktire. Hospitali peke yake pia isingeweza, kwani haijui nani alifunga. Hesabu ilitoka mahali karatasi zilikutana.

Lakini watafiti wenyewe waliona tundu. Mkanda wenye umeandikwa katika rekodi ya polisi mara nyingi ni ule mtu alisema amefunga. Mwenye ametoka mzima, na anaogopa amande, atasema "nilifunga". Mwenye amezirai hasemi kitu. Basi mkanda unaweza kusifiwa kidogo kupita haki yake. Hata hivyo, ukiangalia kazi nyingi za namna mbalimbali, jibu halibadiliki sana: Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema mkanda unapunguza hatari ya kufa kwa shofere na abiria wa mbele kwa asilimia 45 mpaka 50, na kwa wa nyuma karibu asilimia 25.

Wafaransa nao walianza mwaka 1995 katika mkoa wa Rhône, kwenye mji wa Lyon. Wao walianza na hospitali: kila mtu mwenye anafika juu ya ajali ya barabara anaandikwa katika rejista moja ya mkoa. Kisha wakalinganisha na vitabu vya polisi. Kumbe polisi ilikuwa na chini ya nusu ya wenye waliumia. Wenye walikosekana zaidi ni kama wapanda baiskeli na watu wenye walianguka wenyewe bila gari ingine kuwagonga. Na hiyo ni Ufaransa, yenye polisi wana gari na mafuta.

Karibu nasi, Kenya inatoa mfano mchungu. Kwa mwaka 2016 serikali yao ilitangaza vifo 2,965 vya barabarani. OMS, kwa hesabu zake za kukadiria, ikaweka 13,463. Sehemu ya tofauti hiyo inatoka kwa mambo kama lile la bandama: kwa kanuni ya OMS, mtu akifa ndani ya siku 30 juu ya majeraha ya ajali, ni kifo cha ajali. Kitabu cha polisi chenye kimefungwa siku ya kwanza hakiwezi kuhesabu siku 30. Kwa Kongo, ripoti ileile ilikadiria vifo 33.7 kwa kila watu 100,000, kati ya viwango vya juu zaidi duniani. Ni makadirio, si hesabu ya watu wenye majina.

Kampala wao walifanya nusu ya kazi, na waliifanya vizuri. Mwisho wa miaka ya 1990 waganga wa Uganda, na daktari mpasuaji Olive Kobusingye kati yao, walianzisha rejista ya majeruhi hospitalini, na kipimo chenye kinaitwa Kampala Trauma Score. Kinauliza mambo matano tu: umri, idadi ya majeraha makubwa, presha ya damu, kupumua, na kama mgonjwa ana fahamu. Hakiombi skana. Anfirmie wa usiku anaweza kukijaza kwa taa ya simu.

Jina, tarehe na uzito wake

Sasa turudi kwa lile dirisha lenye lilimkataa shangazi. Mwaka 1969 wataalamu wawili wa takwimu nchini Kanada, Ivan Fellegi na Alan Sunter, waliandika kanuni yenye bado inatumika leo. Wazo lake linaeleweka hata na muuza makala wa sokoni: kila kitu chenye kinafanana kati ya karatasi mbili kina uzito wake, na kila chenye kinapingana kinaondoa uzito.

Tuchukue mfano wa kubuni. PV inasema: mwanamke, miaka karibu 30, Jumatatu saa kumi na mbili jioni, njia ya Mumosho. Hospitali inasema: mwanamke, miaka 32, aliingia Jumatatu saa mbili usiku, anatoka Mumosho. Kufanana kwa "mwanamke" kuna uzito mdogo, kwa sababu hata ukiokota karatasi mbili bila kuangalia, mara moja kwa mbili jinsia inaweza kufanana. Siku ya ajali ina uzito mkubwa kuliko hapo. Siku na mwezi wa kuzaliwa, kama zinajulikana, uzito wake ni mkubwa sana: kufanana kwa bahati tu ni karibu mara moja kwa 365. Unajumlisha. Ukifika juu ya kipimo fulani, unasema ni mtu mmoja. Ukiwa chini sana, ni watu wawili. Katikati, mtu mwenye macho anaangalia tena.

Majina pia yana uzito tofauti. "Bahati" hapa kwetu ni jina la wanaume na wanawake, kila kijiji kina wake. Kufanana kwake hakusaidii sana. Jina la nadra linasaidia. Na kompyuta inaweza kufundishwa kwamba Cirhuza, Chirhuza na Tchiruza ni jina moja, na kwamba ile M' yenye inawekwa mbele ya jina la baba kwa mwanamke wa Kishi inaweza kuandikwa na polisi, ikasahauliwa na hospitali. Hiyo ni kazi ya watu wa hapa. Mtu wa Lyon hawezi kujua.

Ajabu ni kwamba majimbo mengi ya CODES hata hayakuwa na majina katika rekodi za hospitali. Yalifanya kazi na tarehe ya kuzaliwa, jinsia, siku na saa ya ajali, mahali, na namna ya kuumia. Nasema hivi kwa ajili ya wale wenye wataogopa siri ya muganga. Woga wao ni wa haki. Hakuna mtu anapashwa kuona fishi ya jirani yake. Lakini kuunganisha kunaweza kufanywa na mtu mmoja mwenye kiapo, kisha majina yanatolewa, watafiti wanapokea namba tu.

Sisi kizuizi chetu si siri kwanza. Ni kwamba tarehe ya kuzaliwa haiandikwi, inaandikwa "mtu mzima". Kitambulisho chenye wengi tunacho ni kadi ya uchaguzi, na katika ajali kadi inabaki ndani ya mfuko wenye umepotea, kama haijaibiwa.

Kiti cha mbele, upande wa kushoto

Kuna mtu atasema: Wamarekani na Wafaransa wameshahesabu, tuchukue majibu yao. Kwa mkanda, ndiyo. Kwa viti, hapana.

Sisi tunaendesha upande wa kuume. Lakini gari nyingi zenye zinabeba watu Bukavu zilitengenezwa Japani, volani iko kuume vilevile. Maana yake shofere anakaa karibu na mtaro, na abiria wa mbele anakaa kushoto, upande wa katikati ya barabara, kule gari ingine inatokea. Gari mbili zikigongana uso kwa uso, mara nyingi ni pembe zao za kushoto ndizo zinakutana. Katika vitabu vya Ulaya, mtu wa pembe hiyo anaitwa shofere: ana volani mbele ya kifua na, katika gari nzuri, mto wa hewa. Kwetu mtu wa pembe hiyo ni abiria. Na tena wakati wa kupita roli, shofere wa volani ya kuume haoni mbele. Ni yule abiria ama konveye mwenye anatoa kichwa na kumwambia njia iko wazi.

Na mara nyingi hawa abiria ni wawili. Taksi inapakia wawili kwa kiti kimoja cha mbele, wanne nyuma, mtoto kwa magoti. Mkanda wa mbele ni mmoja. Wa pili ataufunga namna gani? Utafiti wa Utah hautatujibu hilo. Kwa kipimo kidogo: gari yenye inasimama ghafla kutoka kilometa 50 kwa saa, kwa mwili ni kama kuanguka kutoka urefu wa metre 10, nyumba ya etaji tatu. Hakuna mikono ya mama yenye inashika mtoto katika mwanguko huo.

Waganga wa majeraha wanajua kusoma mwili: goti lenye limepiga dashibodi na nyonga yenye imetoka ni mtu wa mbele, alama nyekundu ya mkanda tumboni inawaambia wachunguze matumbo ndani. Lakini wanasoma mgonjwa mmoja mmoja. Kusema kwamba kwenye njia fulani abiria wa kushoto ndiye anavunjika zaidi, kunahitaji mamia ya fishi na mamia ya PV zikiwa zimekutana.

Mahali watu wanapotea

Kutoka Mumosho, mtu mwenye aliumia anaweza kuanza kwa kituo cha afya, asukumwe Panzi, na wengine wafike mpaka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bukavu. Hizo ni rejista tatu kwa mtu mmoja. Ukihesabu bila kuunganisha, utasema watu watatu waliumia. Mwenye mkono wake umevunjika tu, wengine wanampeleka kwa muunga mifupa wa kijiji, na huyo hana rejista. Kuna wenye wanatoa jina la uongo juu ya kuogopa faktire. Kuna wenye waliondoka na pikipiki mbele polisi haijafika.

Na kuna mpaka. Gari za Uvira nyingi zinakwepa milima ya Ngomo kwa kupitia Rwanda, zinarudi Kongo Kamanyola. Mkongomani mwenye anaumia Bugarama anaandikwa na polisi ya Rwanda, katika lugha ingine, pengine anapewa huduma ya kwanza kule, kisha familia inamvusha. Kwetu atafika kama AVP, bila PV yoyote.

Upande wa hospitali, chombo kipo tayari. Mpango wa taifa wa habari za afya, SNIS, unapokea ripoti za zone za afya katika programu ya DHIS2, lakini hizo ni jumla ya mwezi, si mtu mmoja mmoja. Orodha ya magonjwa ya OMS, CIM-10, ina alama za kutosha: V01 mpaka V09 ni mwenye miguu, V20 mpaka V29 pikipiki, V40 mpaka V49 watu wa ndani ya gari ndogo, na tarakimu ya mwisho inatenganisha shofere na abiria. Herufi moja na tarakimu tatu zinasema mambo yenye AVP inaficha.

Kama hizo zinaonekana nzito kwa anfirmie mwenye wagonjwa kumi wanamsubiri, kuna njia ya chini zaidi: muhuri wa mpira, ule wa ofisi za kawaida, wenye vijumba vichache vya kutia alama kando ya AVP. Miguu, pikipiki, gari. Mbele kushoto, mbele kuume, nyuma. Mkanda ndiyo, mkanda hapana. Saa na mahali pa ajali. Na upande wa polisi, mstari mmoja zaidi katika PV: kila mwenye aliumia alikaa wapi, na amepelekwa hospitali gani.

Wakati tunangoja hayo, msomaji mwenye ana mgonjwa leo anaweza kufanya kitu kimoja chenye hakihitaji ruhusa. Siku ileile ya ajali omba polisi namba ya PV, uiandike kwa biki nyuma ya fishi ya hospitali, pamoja na saa, mahali, na kiti chenye mgonjwa alikalia. Angalia kama jina limeandikwa namna moja na la kadi ya uchaguzi. Kama sivyo, omba lirekebishwe mbele haujatoka getini, kwa sababu siku hiyo ni dakika mbili, na baadaye ni safari ya kurudi kwa chefu.